Darasa la Bure, Gharama ya Nani?

Kiswahili kimelibebesha neno "bure" mizigo miwili. Kitu cha bure ni kile tunachokipata pasipo kulipa. Lakini mtu akisema amehangaika bure, anatuambia kwamba amerudi mikono mitupu. Tangu Aprili nimekuwa nikitembea katika mpaka wa maana hizo mbili, nikitafuta zana za bure za kuendeshea mafunzo mubashara mtandaoni na kuyarekodi. Nimeona niandike kwa sababu jambo lililoanza kama la kiufundi limenifikisha mahali pa kisiasa, na kwa sababu wengi mnaosoma hapa, wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, mmeniuliza swali lile lile kwa nyakati tofauti: "Dokta, tutumie nini?"

Mafunzo yasiyo na posho

Chimbuko la safari hii ni ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti hukabidhi ripoti yake kwa Rais, nayo huwasilishwa bungeni. Desturi tunaijua: makabidhiano hufanyika mwishoni mwa Machi, Bunge huipokea Aprili, magazeti huandika kwa wiki mbili, kisha kimya. Mwaka huu kundi la waliokuwa wanafunzi wangu waliniandikia. Baadhi yao sasa ni watumishi katika halmashauri, wengine ni walimu, wengine ni wanaharakati wa haki za ardhi na maji. Walisema ripoti wanazo katika simu zao, ila hawajui waanzie wapi kuzisoma. Wanaona halmashauri yao imepata hati inayoridhisha, wanaitazama shule ya kata yao isiyo na madawati, na hawaelewi mambo hayo mawili yanakaaje katika nyumba moja.

Swali lao lilikuwa zito kuliko walivyodhani. Hati inayoridhisha inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa na kuwasilishwa kwa kufuata viwango vinavyotakiwa. Haisemi kwamba fedha ilitumika kwa busara, wala kwamba mwananchi alipata thamani yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo humwacha diwani akishangilia "hati safi" huku mzazi akiuliza mtoto wake atakaa wapi. Tukakubaliana vipindi sita: hati ya ukaguzi inasema nini na inanyamazia nini, hoja ya ukaguzi inafungwaje, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inafanya nini na hoja hizo, na mwananchi aulize nini katika mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa jinsi tulivyozoea, jambo kama hili lingekuwa semina. Semina ina ukumbi wa hoteli, bango lenye nembo za wafadhili, chai ya saa nne, nauli, posho na cheti. Sisemi hivyo kwa dharau. Posho imekuwa kiraka cha mshahara usiotosha, na anayeibeza aanze na mshahara wenyewe. Hata hivyo tumejikuta mahali ambapo elimu ya watu wazima imefungwa kwenye ukumbi: fedha ya ukumbi ikikosekana, elimu nayo inakosekana. Watu wangu walikuwa wametawanyika kuanzia Kigoma hadi Mtwara, wawili wako Zanzibar, mmoja yuko Songea ananyonyesha mtoto wa miezi miwili. Hakuna aliyekuwa na mfadhili. Tulikuwa na simu, kompyuta mpakato chache, na nia.

Nilichokikuta sokoni

Nianze na zana zinazojulikana, maana ndizo kila mtu huzitaja kwanza. Zoom bila malipo inapokea watu 100, lakini mkutano hukatika baada ya dakika 40. Inaruhusu kurekodi katika kompyuta ya mwenye mkutano, jambo ambalo ni zuri. Google Meet bila malipo nayo inapokea watu 100, kwa dakika 60 mkiwa zaidi ya wawili, lakini hairekodi. Microsoft Teams ya bure ina dakika 60 pia.

Dakika 40 zinaweza kuonekana jambo dogo. Kwa mwalimu si dogo. Dakika kumi za mwanzo huishia katika salamu, kuwasubiri waliochelewa, na "Mwalimu, hatukusikii." Dakika kumi na tano zinazofuata unajenga hoja. Halafu, pale pale mtu wa pembeni aliyekuwa kimya anapofungua kipaza sauti chake kuuliza jambo la maana, mlango unafungwa. Kurudi kwa kiungo kipya kunawezekana, lakini wenye mtandao dhaifu hurudi nusu. Ukomo huo umewekwa kwa hesabu: unaonjeshwa asali hadi ulimi uzoee, kisha unaonyeshwa bei.

Upande wa pili kuna programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Tatu zilitufaa.

Ya kwanza ni Jitsi Meet. Mradi wake ulianzishwa mwaka 2003 na Emil Ivov alipokuwa mwanafunzi huko Strasbourg, Ufaransa. Inafunguka katika kivinjari cha kawaida, haina ukomo wa dakika 40, na mshiriki hahitaji akaunti. Tangu Agosti 2023, anayefungua chumba katika tovuti yao ya umma hutakiwa kujitambulisha kwa akaunti ya Google, GitHub au Facebook, ila wageni wake huingia bila kuulizwa. Tulianza nayo, na kwa kundi dogo ilituhudumia vizuri.

Ya pili ni BigBlueButton, iliyozaliwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, kwa ajili ya kufundishia. Asili hiyo inaonekana. Ina ubao, ina vikundi vidogo vya majadiliano, ina kura za papo hapo, na slaidi zake hupakiwa zenyewe badala ya kurushwa kama video ya kioo cha mwalimu, jambo linalopunguza mzigo kwa mwenye mtandao hafifu. Inahitaji seva. Lakini tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, programu ya Moodle, ambayo vyuo vyetu vingi wanaitumia kuwekea masomo, inakuja na BigBlueButton ndani yake. Huduma ya bure inayoambatana nayo ina mipaka: dakika 60, watu 25, na rekodi hufutwa baada ya siku 7. Chuo chenye seva yake hakifungwi na mipaka hiyo.

Ya tatu ni OBS Studio, ambayo haiendeshi mkutano bali inarekodi kinachoonekana na kusikika katika kompyuta, na inaweza pia kukirusha mubashara kwenda YouTube. Ilianza mwaka 2012, na haidai senti wala jina. Kwa sababu rekodi inabaki katika kompyuta yako, hakuna kampuni itakayoamua muda wa kuishi kwake. Nawapa dokezo moja linalotokana na maisha yetu ya umeme: iagizeni programu hiyo irekodi kwa muundo wa MKV, msichague MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, faili la MP4 huharibika lote. La MKV hubaki salama hadi pale umeme ulipokatika, na baadaye OBS yenyewe inaweza kuligeuza kuwa MP4. Umeme ulikatika katika kipindi chetu cha tatu, saa mbili na robo usiku, na betri ya kompyuta iliyokuwa ikirekodi ilikuwa ya uzee. Tulipoteza sekunde chache tu.

Kuhusu YouTube, anayetaka kurusha mubashara kwa simu lazima awe na wafuatiliaji wasiopungua 50. Anayetumia kompyuta hahitaji idadi hiyo, ila atathibitisha akaunti yake na kusubiri hadi saa 24 kabla ya kurusha kwa mara ya kwanza. Ni vema kulijua hili mapema kuliko kuligundua watu wakiwa wamekaa wanasubiri.

Bando la nani?

Zana ikishapatikana bure, gharama haifutiki. Inahama. Inatoka mfukoni mwa mwandaaji na kuingia katika bando la mshiriki.

Tupige hesabu. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa. Kipindi cha saa mbili ni megabaiti 900. Vipindi sita vinapita gigabaiti 5. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hutumia chini ya megabaiti 29 kwa saa, yaani megabaiti 58 kwa kipindi kizima. Kwa hiyo mwalimu anayesema "naomba wote mfungue kamera nione nyuso zenu" amewatoza wanafunzi wake zaidi ya mara 15 ya kile ambacho somo lenyewe linahitaji, na anayeumia zaidi ni yule anayenunua bando la siku kwa kipimo cha chumvi ya dukani.

Tulijiwekea utaratibu rahisi. Slaidi zilitumwa siku moja kabla, zikiwa faili dogo la PDF. Kamera zilizimwa zote, ya mwalimu iliwaka dakika mbili za salamu. Baada ya kila kipindi, rekodi ilitolewa kwa namna mbili: video kwa wenye uwezo, na sauti peke yake iliyobanwa hadi ikaweza kupita WhatsApp kama wimbo. Kati ya waliotuandikia baadaye, wengi walikuwa wamesikiliza sauti. Mmoja aliisikiliza ndani ya basi akitoka Tabora, ripoti ikiwa mapajani. Video ilimpendeza mwalimu. Sauti ndiyo iliyofundisha.

"Kama mnarekodi, sitauliza"

Wiki moja kabla ya kuanza nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtumishi katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. "Shikamoo Mwalimu. Nitahudhuria vipindi vyote, Mungu akipenda. Ila kama mnarekodi, sitauliza swali hata moja."

Nilimpigia simu. Hakuwa na siri ya kutisha. Alikuwa na maswali ya kawaida kabisa kuhusu fedha za mradi ambazo zilionekana katika kitabu kimoja na hazikuonekana katika kingine. Lakini sauti yake inajulikana, wilaya yake ni moja, na swali la kawaida likisikika nje ya darasa hugeuka shutuma. "Mwalimu, wewe ukiuliza ni utafiti," aliniambia. "Mimi nikiuliza ni utovu wa nidhamu."

Sentensi hiyo sijaweza kuiondoa kichwani.

Nililipeleka suala hilo kwa wenzangu waandaaji. Kijana mmoja mwanaharakati, mwenye moyo wa moto, alipinga kwa nguvu. "Dokta, tukiondoa maswali, tunachobakiwa nacho ni hotuba. Watu hawajifunzi kwa hotuba. Na wale waliokosa bando siku hiyo je? Asiyekuwepo na lake halipo?" Hoja yake ilikuwa nzuri. Tunarekodi ili kumhudumia asiyekuwepo: mama anayenyonyesha, mlinzi wa zamu ya usiku, mwalimu wa kijiji ambako mtandao hupatikana juu ya kilima. Wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali. Mwenzetu mwingine, mwanasheria, alitukumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tuheshimu ridhaa ya mtu juu ya taarifa zinazomtambulisha, na sauti ya mtu humtambulisha. Alituongezea kwamba anayechapisha maudhui mtandaoni kwa ajili ya umma yampasa pia kusoma Kanuni za Maudhui Mtandaoni, zilizotungwa 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, ili ajue kama yuko katika kundi linalohitaji leseni.

Hapo ndipo ufundi ulipokutana na haki. Katika programu nyingi kuna kitufe cha kuanza na kusimamisha kurekodi, na mtu hudhani kikizimwa, mashine imeziba masikio. Si lazima iwe hivyo. Katika BigBlueButton, kwa namna ilivyofanya kazi kwa miaka mingi, kikao kilichoruhusiwa kurekodiwa kiliweza kuhifadhiwa chote katika seva tangu mwanzo. Kitufe kilikuwa kikiweka alama tu ya sehemu gani zitolewe katika rekodi ya mwisho, na malighafi ilibaki mahali fulani kwa siku kadhaa. Mwenye funguo za seva angeweza kuisikia. Hili linajulikana kwa wahandisi, halijulikani kwa mtumishi wa halmashauri anayeambiwa, "Uliza tu, tumezima."

Tukaamua hivi. Kila kipindi kilikuwa na vyumba viwili vyenye viungo tofauti. Chumba cha kwanza kilikuwa cha somo, dakika 60, kikirekodiwa na OBS katika kompyuta yetu, anayezungumza ni mwalimu peke yake. Chumba cha pili kilikuwa cha maswali, kimefunguliwa upya, kurekodi kumefungwa tangu katika mipangilio yake, na kila mtu yuko huru kuingia kwa jina la kubuni. Mwenzetu mmoja aliandika maswali kwa kalamu, bila majina wala wilaya. Siku iliyofuata niliyasoma na kuyajibu kwa sauti yangu, nikarekodi dakika 20 au 30, nazo zikaungana na somo. Asiyekuwepo akapata maswali. Aliyeuliza akabaki salama. Hatuwezi kuzuia simu ya mshiriki mwingine iliyowekwa mezani ikinasa sauti, na hilo tulilisema waziwazi mwanzoni mwa kila kipindi, kwa sababu ahadi ya usalama isiyotimilika ni mtego.

Yule dada aliuliza maswali tisa. Matatu kati ya hayo sikuwa na majibu yake, ikabidi niende kuyatafuta. Nimefundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka 15, na ni mara chache nimesomeshwa na darasa kiasi kile.

Nguo ya kuazima

Wako watakaosema: hizi ni tahadhari za kupitiliza, watu watumie Zoom wasonge mbele. Sina ugomvi na anayetumia Zoom. Ninachosema ni kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mwenye nguo ana siku yake ya kuitaka.

Tazama mifano ya karibuni. Juni 2020 Zoom ilifunga akaunti za wanaharakati, wakiwamo walioko Marekani, waliofanya kumbukumbu ya mauaji ya uwanja wa Tiananmen ya 1989, baada ya serikali ya China kulalamika. Akaunti zikarudishwa baada ya makelele. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilipotangaza ulinzi kamili wa mazungumzo, kwanza ilisema utakuwa wa wanaolipa tu, kisha shinikizo la umma likaifanya iufungue kwa wote. Wakati wa janga la korona, Google ilizifungulia taasisi za elimu uwezo wa kurekodi bila malipo. Msimu ulipopita, uwezo huo ukarudi kwa wanaolipa. Mwaka 2022 vyuo vilivyozoeshwa hifadhi isiyo na ukomo vikawekewa ukomo. Februari 2025 Facebook ilitangaza kwamba video za mubashara zitafutwa baada ya siku 30. Mei 2025 Skype, iliyokuwa sebule ya diaspora yetu kwa karibu miongo miwili, ikafungwa. Asasi iliyohifadhi mafunzo yake yote katika ukurasa wa kampuni imejenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Na kiwanja chenyewe kina barabara moja. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki ikapepesuka. Hiyo ilikuwa ajali. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hiyo haikuwa ajali. Mwalimu wa mtandaoni anayefundisha masuala ya umma apange mafunzo yake akijua kwamba mkono unaoshika swichi si wake. Kwa sababu hiyo kila rekodi yetu ilipelekwa pia kwa kumbukumbu ndogo za mfukoni, kutoka mkono hadi mkono.

Redio moja, watu kumi

Vijana wengi hudhani elimu ya mbali ilikuja na intaneti. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya: vipindi vya redio kwa wiki 12, vijitabu, na vikundi vya kusikiliza vyenye viongozi waliofundishwa kuongoza majadiliano. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio ilisema, kikundi kikajadili, kisha kikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kampeni ile ilikuwa ya dola, yenye sauti moja kutoka juu, na tusiipake rangi isiyo yake. Lakini ilijua jambo ambalo wataalamu wa mtandao wanalisahau: chombo kimoja kinatosha watu kumi wakiwa wamekaa pamoja, na kujifunza hutokea baada ya chombo kuzimwa.

Kuanzia kipindi cha nne tuliwashauri washiriki waige mtindo huo. Huko Kigoma watu saba walikaa sebuleni kwa mmoja wao, wakachangia bando moja, simu ikaunganishwa na spika ndogo. Ndio waliotuletea maswali bora, kwa kuwa walikuwa wameshayabishania kabla ya kuyaleta. Sikuhitaji programu mpya kwa ajili hiyo. Nilihitaji kukumbuka.

Sadfa nyingine inanifurahisha. Martin Dougiamas, aliyeiasisi Moodle, alikulia katika jangwa la Australia Magharibi, akisoma shule kwa redio. Aliyepata elimu yake kwa mawimbi ndiye aliyewapa walimu wa dunia programu huria ya kufundishia.

Tunachopaswa kudai

Kwa wanafunzi na wanaharakati: jifunzeni zana huria, si kwa sababu ni za bure, bali kwa sababu mnaweza kuzishika. Rekodini kwenu kwanza, ndipo mrushe kwa wengine. Ombeni ridhaa kabla, mkieleza rekodi itakwenda wapi, itakaa muda gani na nani ataifuta. Tengeni somo na maswali. Toeni sauti pamoja na video.

Kwa vyuo vyetu, kikiwamo changu: seva zipo, wahandisi wapo, wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta miradi ya kuhitimu wapo. Hakuna sababu ya msingi ya chuo cha umma kukosa BigBlueButton yake na kuifungulia jamii inayokizunguka, jioni, mitambo ikiwa haina kazi. Tunaandika katika mipango mkakati kwamba tunatoa "huduma kwa jamii". Hiyo ndiyo huduma.

Kwa serikali: tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na mamlaka yake. Mtumishi wa umma anayetaka kujifunza namna ya kusoma ripoti ya ukaguzi ya halmashauri yake asilazimike kwenda kuazima chumba katika seva za California. Na zaidi ya chumba, anahitaji kinga. Programu yoyote duniani haiwezi kumpa mtumishi uhuru wa kuuliza ikiwa mwajiri wake huhesabu swali kuwa kosa. Niliweza kumfichia yule dada jina. Siwezi kumbadilishia ofisi.

Nikirudi katika lile neno letu: darasa letu halikuwa la bure kwa maana yoyote kati ya zile mbili. Lililipiwa kwa bando za watu, kwa jioni zao, kwa jasho la wahandisi wasiotujua walioacha msimbo wao wazi, na kwa ujasiri wa mtu mmoja aliyeuliza maswali tisa gizani. Ripoti nyingine itakabidhiwa Machi. Tukiwa na zana, na tukiwa tumejifunza kuzitumia pasipo kumweka mtu hatarini, kimya cha baada ya wiki mbili hakitakuwa tena cha lazima.